Kadibodi Chini ya Niva

Asubuhi, kabla ya chai, huvuta kadibodi
iliyolala chini ya gari, nikaisoma.
Jana matone manne. Leo sita,
na moja limetanda kama kisigino cha mtoto.
Hapa Gyumri baridi haiondoki hadi Machi,
oili huning'inia kwanza, ikifikiri,
ndipo ianguke.

Shemeji yangu Razmik anasema: osha tu, Haykanush.
Jumapili Smbat anakuja toka Artik na pesa mkononi.
Mnunuzi hununua anachokiona.
Piga sabuni, piga maji, injini ing'ae kama samovari ya harusi.
Razmik hajawahi kufua hata soksi zake.

Basi nikaosha, ila si kwa ushauri wake.
Kwenye uchafu wa miaka kumi na mitano
huwezi kujua nani analia
na nani amelowa machozi ya jirani.

Nilingoja injini ipoe, mpaka nikaweza kulaza kiganja
juu ya kifuniko cha vali na kuhesabu thelathini.
Nikachomoa waya hasi wa betri.
Distributa nikaivalisha mfuko wa mkate,
alteneta mfuko mwingine, nikafunga kwa mipira ya nywele zangu.
Zikakaa pale kama vibibi viwili na vilemba vyao
wanaosubiri mvua ipite.

Sabuni ya mafuta, brashi ya rangi, na mswaki
ambao Razmik bado anautafuta.

Uchafu ulitoka kwa matabaka.
Kwanza vumbi la njia ya Ashotsk.
Kisha unga, wa ile miaka ya kupeleka mikate alfajiri,
umegeuka ugoro mweusi.
Kisha, imelala kando ya betri, spana namba kumi,
ile niliyomtuhumu Seyran wa ghorofa ya chini
kwamba ameiiba. Sijamsalimia tangu kiangazi cha juzi.

Nikasuuza kwa maji ya uvuguvugu, kwa birika.
Mpira una pupa, hupeleka maji yasikoalikwa.
Nikafuta, nikavua mifuko, nikarudisha waya.
Nikawasha, nikainama, tochi mdomoni.

Dakika ya nne, kimya.
Ya tisa, kimya.
Ya kumi na mbili, pembe ya nyuma, chini ya kifuniko cha vali,
kitu kama jasho
juu ya mdomo wa mtu anayejiandaa kusema uongo.

Bolti ilikuwa imekazwa kupita kiasi.
Niliikaza mimi. Kila ilipovuja
niliongeza robo mzunguko,
nikidhani kukaba ni kutibu.
Gasketi ilikatika mkononi mwangu kama biskuti.

Nikashuka kwa Seyran na ile spana.
Aliitazama spana, akanitazama mimi.
Akafungua droo, akatoa gasketi mpya,
akaipangusa kwenye sweta lake.
"Kaza mpaka ikushike mkono," alisema. "Halafu acha."
Hayo tu. Hata mlango hakuubamiza.

Jumapili injini ilikuwa kavu,
isipokuwa tone la chini, kwenye sili ya mbele ya kranki,
ambayo kuibadilisha ni kufungua nusu ya gari
kwa ajili ya kijiko kimoja cha oili kwa wiki.
Razmik alikuwa ameificha kadibodi nyuma ya mapipa.
Nikaifuata, nikairudisha mahali pake.

Smbat alifunua boneti, akaguna kwa furaha.
Kisha akapiga goti kwenye theluji, akaivuta,
akaisoma kama ninavyosoma mimi,
taratibu, kuanzia kushoto.
"Hili moja jipya?"
"Hilo moja. La usiku mzima."
Alipunguza bei, lakini si kwa kiasi nilichohofia.
Akauliza kama kadibodi inauzwa pamoja na gari.

Sikumpa.
Nilimpa spana namba kumi,
nikamwonyesha kwa vidole
pa kuachia.